Siku moja Kyoto, na bosi niliyemkweza kimakosa

Saa kumi na mbili asubuhi. Mvua. Mwezi wa Juni hapa Kyoto wako kwenye tsuyu, msimu wao wa mvua, na usidhani ni kama masika yetu inayopiga kwa kishindo ikaondoka. Hii hunyesha kutwa, kama mtu anayenung'unika. Alfajiri nayo msimu huu inaingia kwenye saa tisa usiku, kwa hiyo nimeshalala mara mbili. Nakula onigiri ya jana, tonge la wali lililovikwa mwani. Wanawake wa Paje wanalima mwani wa aina nyingine, tunaukausha na kuuza nje, na sijapata kumjua Mzanzibari aliyeutia kinywani.

Saa mbili. Baiskeli na koti la mvua, kando ya Mto Kamo. Kushika mwavuli ukiwa juu ya baiskeli ni kosa, polisi anakusimamisha.

Saa tatu kasorobo. Darasa la Kijapani linaanza na jaribio la kanji, zile herufi zilizotoka Uchina, kama kila siku. Zile za matumizi ya kawaida ni 2,136; mimi sijafika hata nusu. Kanji ya kwanza kuikariri ilikuwa ya nguruwe, ili nisome vibandiko vya vyakula dukani. Leo imekuja ya dubu. Matamshi yake siyaandiki hapa, Mswahili ayatafute mwenyewe kisha azibe mdomo. Kuna mkoa mzima unaoanza na neno hilo, na mwalimu hajui kwa nini nikifika hapo nasomea puani.

Jirani yangu kutoka Uchina amemaliza kabla sijafungua kalamu. Ila naye ana mitego yake: herufi ambazo hapa maana yake ni barua, kwao ni karatasi ya chooni. Wiki ya kwanza mwalimu alimwagiza aandike "barua" kwa rafiki, akabaki ametoa macho.

Kisha keigo, lugha ya heshima. Mwanzoni nilijidai: sisi watu wa shikamoo tutashindwa na adabu? Kumbe kwetu mkubwa ni mkubwa popote, basi. Mjapani anatazama kwanza anaongea na nani. Ukiongea na bosi wako, unampandisha. Mtu wa nje akipiga simu kumuulizia bosi huyo huyo, unamshusha: jina linavuliwa "san" ya heshima, na kitenzi kinakuwa cha kunyenyekea, maana mbele ya mgeni bosi amekuwa mtu wa ndani, sawa na wewe. Ndiyo uchi na soto, ndani na nje. Hata mama: wa mwenzio ni okaasan, wako ukimtaja kwa watu ni haha. Haha! Mkorea, ambaye sarufi yote hii anaipita kwa wepesi kwa kuwa sentensi za kwao zimepangwa hivi hivi, hapa tu ndipo tuliposhikana mikono. Kwao nako mkubwa hapunguzwi kwa ajili ya mgeni.

Saa saba na nusu. Somo la jamii. Mwalimu ameandika ubaoni: karayuki-san. Wasichana wa familia masikini, wengi wa Amakusa na Shimabara huko Kyushu, waliopelekwa enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) kuuza miili yao katika bandari za ng'ambo. Kidole chake kikapita Singapore kwenye ramani, kikavuka Bahari ya Hindi, kikatua Unguja. Darasa zima likanigeukia. Mimi nimekulia mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Unguja mjini, skuli nimesoma Mji Mkongwe, na sikuwahi kusikia. Mbrazili, ambaye wazee wake walihama kutoka Japani kwenda kulima kahawa, aliniuliza kama wapo wajukuu wao kwetu. Sikuwa na jibu. Saa nzima nilibaki nikiwaza Kiswahili walifundishwa na nani, na neno gani walilishika kwanza.

Saa kumi na mbili jioni. Naosha vyombo mgahawani. Mwenye kibali anaruhusiwa saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Simu ikalia, mikono ya wote imejaa, nikapokea. Mteja anamuulizia meneja. Nami, kwa ufasaha wote: "Tencho-san wa irasshaimasen," yaani mheshimiwa meneja hayupo. Nimempandisha bosi wangu hadi darini mbele ya mtu wa nje. Upande wa pili kimya kidogo, kisha kicheko cha puani. Mpishi mzee, bila kuinua macho kwenye kisu, akasema, "Tencho wa orimasen," hayupo ile ile, ila ya kunyenyekea. Nikairudia naye huku nikisugua masufuria, mpaka ikakaa.

Saa tano usiku. Unguja ni saa kumi na moja jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nimekula. Akataka kujua tumesoma nini leo. Ya karayuki-san nikayaacha kwanza. Nikamwambia tumesoma heshima.

"Ehe, na mama wanamwitaje?"

"Okaasan," nikamwambia. Ile nyingine sikumtajia.