Ukienda mkutano wa programu za ramani, kaa kwenye vijiwe

Vijana wa kazini wakipata nafasi ya kwenda mkutano wa programu za GIS, yaani za kutengeneza na kuchambua ramani, huwa wananiuliza wahudhurie mada gani, na mi nawajibu tofauti na wanavyotegemea. Mada za ukumbi mkubwa siku hizi nyingi zinarekodiwa, utaziangalia nyumbani ukiwa na bando, we nenda kwenye vile vikao vidogo ambavyo kwenye ratiba vinakaa chini kabisa, havina slaidi wala msemaji, kimeandikwa chumba na saa basi. Rasmi vinaitwa BoF, kifupi cha Birds of a Feather, yaani watu wenye jambo moja wamekaa pamoja. Sisi tulikuwa tunaviita vijiwe na nitaendelea hivyohivyo.

Mi niliviona kwa mara ya kwanza kwenye FOSS4G ya 2018. Kwa asiyeijua, hiyo ni mikutano ya dunia ya watu wa programu huria za ramani, QGIS, PostGIS, GeoServer na ndugu zao, iko chini ya OSGeo, taasisi ya kimataifa inayozilea programu hizo, na inahamahama nchi, na mwaka ule ikatua kwetu Dar mwishoni mwa Agosti pale JNICC, ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere. Ilikuwa mara ya pili tu kufika Afrika baada ya Cape Town 2008. Na haikuja Dar kwa bahati nasibu. Mtaa wa Tandale hapa Dar ulichorwa ramani na wakazi na wanafunzi tangu 2011, halafu 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar wakaingia mitaani na simu na GPS kupima mitaro kwa sababu mji unafurika kila msimu wa mvua, na kule Zanzibar wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha huko, walikuwa wanarusha droni kupiga picha Unguja na Pemba. Kwa hiyo wageni walikuja kuona watu ambao tayari wanazitumia zile programu kwenye matope.

Sasa kijiwe kinavyokwenda ni hivi. Kuna ubao au ukurasa wa ratiba, mtu yeyote anaandika kitu anachotaka kuongelea na saa, ikifika saa watu wanakuja, wanavuta viti, aliyeandika anaanza. Hamna anayekutambulisha. Unaweza kukuta umekaa na mtu ambaye jina lake umeliona miaka yote kwenye GitHub, mtandao ambako madevelopa wanaweka kodi zao, anakula karanga. Ukumbini madevelopa wanakwambia toleo jipya lina nini, kwenye kijiwe we ndo unawaambia toleo jipya limekuvunjia nini, na mwaka ule yalikuwepo mengi ya kusema maana QGIS 3 ilikuwa imetoka Februari tu na plagini kibao, vile viongezeo vya programu, zilizokuwa zinafanya kazi kwenye toleo la zamani la 2.18 zilikuwa bado hazijahamishwa, ukifungua mradi wako wa zamani unaona wekundu tu.

Kijiwe ninachokikumbuka vizuri ni cha mambo ya koordineti, zile namba zinazosema kitu kiko wapi kwenye ramani. Dada mmoja injinia wa maji alikuja na laptopu na mchoro wa mitaro aliopewa na konsalta, akaulizwa tatizo nini, akasema ngoja niwaonyeshe tu. Akauweka mchoro juu ya picha ya droni. Mitaro yote imehama, ule uliotakiwa kumwaga maji mto Msimbazi unakatiza juu ya mabati ya watu, kama mita 300 hivi kutoka mahali pake, na yote imehama umbali uleule upande uleule. Sisi watu wa upimaji tukacheka kwa sababu tunaujua ugonjwa huo, ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani wa huku kwetu. Ramani nyingi za zamani Tanzania na Kenya zimekaa kwenye Arc 1960, simu na droni zinakuja na WGS84, mfumo wa dunia nzima unaotumiwa na GPS, na ukichukua namba za UTM 37S (gridi ya mita ya ukanda wetu) za Arc 1960 ukazisoma kama ni za WGS84 programu haipigi kelele yoyote, inachora kwa raha zake.

Jamaa mmoja mgeni akasema hiyo rahisi, toa 32737 weka 21037, yaani iambie programu kwamba namba hizi ni za Arc 1960 na sio WGS84. Akaweka. Mitaro ikarudi bondeni, watu wakapiga makofi, dada mwenyewe hakupiga. Akazuum mpaka mwisho akasema angalieni tena, na kweli mtaro wa upana wa mita moja bado unapita pembeni ya mtaro halisi kwa mita kadhaa, yaani bado unapita sebuleni kwa mtu. Hapo ndo kikanoga. Kumbe vile vipimo vya kuhamisha Arc 1960 kwenda WGS84 viko seti zaidi ya moja, kuna ya wastani inayochanganya Kenya na Tanzania, kuna ya Kenya peke yake na kuna ya Tanzania peke yake, na programu ilikuwa inachukua ya wastani kimyakimya bila kumuuliza mtu. Kwa ramani ya nchi nzima hutaona kitu. Kwa mtaro wa pale bonde la Jangwani, Dar, unaona. Matoleo ya baadaye ya QGIS yakaanza kukuuliza unataka seti ipi, na sisemi ni kwa ajili ya kijiwe chetu, hilo watu wengi walikuwa wanalilalamikia, lakini mi kila nikikiona kile kidirisha namkumbuka yule dada na asivyopiga makofi.

Kingine kilikuwa cha data za mafuriko. Ukimuuliza mzee maji yalifika wapi anakwambia kiunoni, sa kiuno cha nani? Wataalamu wanataka sentimita. Mama mmoja aliyezoea kuhoji watu mitaani akasema yeye haulizi kimo, anaomba aonyeshwe alama ukutani halafu anapima mwenyewe kwa futi kamba, basi, na watu waliobobea kwenye modeli za maji wakawa wanaandika.

Ila visisifiwe kupita kiasi. Tatizo la kwanza hamna anayeandika kumbukumbu, mkikubaliana kitu kizuri kinaishia kwenye viti vile, labda atokee mtu mmoja mwenye moyo akafungue tiketi, yaani akaandike tatizo rasmi kwa madevelopa mtandaoni, usiku huohuo (nimeshajua, kama hajafungua kabla ya kulala hafungui tena). La pili wapo watu wanaokigeuza kijiwe kuwa hotuba, anakuja na historia ya programu yake dakika ishirini na hamna mwenyekiti wa kumkata. Na la tatu ndo linaloniuma zaidi, lugha. Unakuta kijana wa kata ya Kigogo hapa Dar amepima mitaro ya kata nzima kwa miguu yake, anajua fomu ya simu inakwama wapi, anajua kwa nini watu wanajaza sifuri kwenye kina, af kwa sababu mazungumzo ni Kiingereza cha haraka ananyamaza na anayeongea ni mtu aliyeiona Kigogo kwenye satelaiti. Kikao kikiisha mnatoka kwenye chai, yuleyule anaongea nusu saa kwa Kiswahili mpaka unajuta kwa nini madevelopa wameshaondoka.

Kwa hiyo mkutano kama ule ukirudi huku mi kazi yangu naijua, asubuhi ya kwanza kabla hata ya kuchukua beji nawahi ubaoni, naandika QGIS kwa Kiswahili, njoo na faili lako lililogoma, mkalimani atakuwepo kwa ajili ya wageni, na saa naandika nane mchana, sio saa kumi na mbili jioni wakati nusu ya watu wanawaza gari la Mbagala.