Mokowe, bado mmoja

Leo ni bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mpya au mwezi mpevu. Nilipotoka shuleni maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye ngazi za gati, povu linarukia njia ya pwani na punda wanapita miguu imelowa. Shee alikuwa amenieleza tangu Jumatatu kwamba leo maji yatajaa saa kumi na dakika kumi na saba. Hakuniangalia aliponieleza. Aliuambia ukuta, kidole chake kikifuata ufa wa chokaa, lakini saa ilikuwa ile ile.

Shee ni mwanafunzi wangu mwenye usonji (autism), hali ya kuzaliwa nayo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo. Shee si jina lake. Amu, mji wetu wa Lamu, ina kina Shee wengi, nami nimemficha humo. Mamake amenipa ruhusa niandike, na nimemsomea kila sehemu inayomhusu.

Aliingia darasani kwangu Gredi ya Pili, akiwa na miaka minane. Tulikuwa na watoto 58 katika chumba chenye madirisha mawili, moja likielekea uchochoro wanakopita punda wa mawe na simiti. Kengele yetu ni ringi ya gurudumu iliyotundikwa kwenye mwarobaini, hupigwa kwa nondo. Siku ya kwanza ilipolia, Shee alijitupa sakafuni, mikono masikioni, akapiga ukelele ulionifanya nidhani ameumwa na nge. Nilimshika kwa nguvu nimwinue. Akaniuma mkono. Jioni ile niliandika katika daftari langu: mkaidi, hasikii la mkubwa, mzazi aitwe. Maneno hayo bado yapo, sijayafuta. Kwa wiki tatu nilikuwa nikimtoa nje kila akianza kujitikisa, asimame barazani hadi atulie, nami nikaita hiyo nidhamu.

Nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje mtoto huyu akafika miaka minane bila mtu kumpeleka apimwe. Sehemu ya jibu ni sisi wenyewe na adabu zetu. Karatasi za dalili za usonji huweka juu kabisa kwamba mtoto hamtazami mtu machoni. Lakini huku kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ndiye aliyelelewa. Bibi yake alisifiwa kwa hilo. Shee akapewa sifa ya pili chuoni anakosoma Qur'ani, maana aliposikia sura mara mbili aliirudisha yote, na pale ambapo mwalimu wake alivuta pumzi, naye alivuta. Nani angesema mtoto huyo ana shida ya kujifunza? Kilichomwangusha mbele ya watu ni kitu kidogo: hakubali kumpa mkono mgeni na kuubusu. Ngozi ya mtu mwingine ikimgusa ghafla yeye huruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Hilo ndilo waliloliona wageni, wakaondoka wakisema mtoto hana adabu, wengine wakanong'ona kuhusu kijicho na shetani.

Bibi alimsomesha dua, akamnywesha kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Sina neno baya juu ya hilo. Dua ya bibi kwa mjukuu wake haimzuii mtu kutafuta njia nyingine, na mwanamke yule ndiye aliyekesha naye usiku wote ambao hakulala.

Nifike kwenye Mokowe.

Shee alikuwa na maneno aliyoyasema bila kutarajiwa. Tungekuwa katikati ya hesabu, naye angesema kwa sauti nene isiyo yake: "Mokowe, Mokowe, bado mmoja!" Darasa zima linacheka. Mimi naudhika. Nilimkanya, nikambadilishia kiti, nikamwita mamake, naye akaniambia kwa unyonge, "Mwalimu, hata nyumbani ndivyo, twamwacha tu."

Jumamosi moja nikashuka gatini kwenda Mokowe, gati la bara ng'ambo ya mkondo. Kijana wa mashua akawa anaita abiria: "Mokowe, Mokowe, bado mmoja!" Ni sauti ile ile, hata ule mvuto wa mwisho kwenye "mmoja" ulikuwa ule ule. Nilikaa chomboni nikiwa na mkoba mapajani, na tulipofika katikati ya mkondo ndipo nilipoelewa. Maneno yale husemwa lini? Chombo kinapokaribia kuondoka. Shee alikuwa akiniambia anataka kuondoka. Alikuwa akiniambia kwa wiki saba, mara nne au tano kwa siku, kwa maneno aliyokuwa nayo, nami nilikuwa nikimwadhibu kwa kuniambia.

Baadaye nilisoma juu ya Leo Kanner, daktari wa akili za watoto kule Baltimore, ambaye mwaka 1943 aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Kinachojulikana sana ni makala hiyo ya kwanza. Iliyonigusa mimi ni ya 1946. Humo alieleza mvulana aliyekuwa na desturi ya kusema mbwa asitupwe kutoka roshani, pahali pasipo mbwa wala roshani. Mamake alipofikiri akakumbuka: miaka mitatu nyuma, hotelini Uingereza, mtoto alikuwa akitupa chini mbwa wake wa kuchezea, naye akamkataza kwa maneno hayo. Tangu hapo kila alipotaka kutupa kitu, mtoto alijikataza mwenyewe kwa maneno yale yale. Basi jambo hili lilikuwa limeandikwa miaka mingi kabla sijazaliwa, nami nilipita chuo cha ualimu na kutoka na cheti bila kulisikia hata kwa kudokezwa. Hilo linaniuma mpaka leo, na nadhani wapo walimu wengi wanaowatoa watoto nje ya mlango kwa kosa la kusema wanachohitaji.

Tulimpeleka kwenye tathmini. Kenya ina vituo vya kupima mahitaji ya watoto kielimu, EARC, tangu 1984, lakini karatasi ya daktari ni jambo jingine, na kwa mtu wa Amu jambo hilo ni mashua, kisha basi la alfajiri hadi Mombasa, kisha foleni, kisha kulala kwa jamaa, na mtoto asiyevumilia honi wala kubanwa na abiria. Mamake alikwenda mara tatu. Ya kwanza walirudi bila kuonana na mtu, kwa sababu Shee alilia hadi akatapika mlangoni na mama akaona aibu.

Aliporudi mara ya tatu na karatasi iliyosema ni usonji, alinikalisha uani kwake, akanimiminia kahawa, akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka: "Ni ile sindano, mwalimu? Watu wasema ni sindano ya surua." Nikamwambia ninachokijua. Mwaka 1998 daktari mmoja Uingereza alichapisha makala iliyowatia watu hofu hiyo, ikachunguzwa, ikaonekana si ya kweli, na jarida lenyewe likaifuta mwaka 2010. Yule daktari akaondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi yake. Watoto wengi mno wamepimwa tangu hapo na chanjo haikuonekana kuhusika. Mtoto huzaliwa akiwa hivyo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunika uso kwa ncha ya leso yake, akakaa hivyo kitambo. Mimi nilikunywa kahawa yangu, sikusema kitu.

Sasa bahari. Babu yake Shee ni nahodha, na ana kile kijitabu cha saa za maji. Shee alikimaliza chote kabla hajajua kusoma sentensi. Mwanzoni niliona ni kichaa tu cha tarakimu. Kisha nikamtazama pwani siku moja, na nikaanza kufikiri upya kuhusu darasa langu. Bahari haikai pahali pamoja. Maji hayajai saa ile ile kila siku. Wakati wa bamvua huchelewa dakika 40 hivi kutoka jana yake, wakati wa maji mafu, yanapopanda kidogo tu, huchelewa zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo si kweli, kama nilivyokuwa nikiamini, kwamba mtoto huyu hawezi kustahimili mabadiliko. Anayapenda. Anayasubiri amekaa mawe ya pwani, miguu inaning'inia. Lakini bahari humwarifu kabla. Mimi darasani nilikuwa sisemi. Niliwaambia funga vitabu, toka nje, simama, ingia, leo hakuna michezo, leo tunahamia chumba cha wenzenu, na kila neno lilimfikia kama wimbi lisilokuwamo kitabuni.

Basi nikamtengenezea kitabu. Nilikata katoni ya biskuti ukanda mrefu, nikachora vipicha saba vya siku: kitabu, hesabu, uji, kucheza, na kuendelea, hadi mlango wa kwao. Kila shughuli ikiisha, yeye huhamisha kibanio cha nguo kwenda picha inayofuata. Nyuma ya kila picha tumeandika saa. Kama kuna badiliko, nachora na kubandika juu yake tangu asubuhi, naye hulitazama, hulirudia kwa kunong'ona, akalimeza. Tukamhamisha kutoka dirisha la punda hadi pembe ya ukuta. Tukapatana na mvulana anayepiga kengele apite kwanza dirishani amwonyeshe nondo. Shee huziba masikio, husubiri, ringi ikinyamaza huendelea na kazi yake. Hakuna fedha iliyotumika ila ya gundi.

Namsikia mtu akisema, basi mmepona. Hapana. Kuna siku hufika na mimi nimechoka na ukanda sijaupanga. Kuna wazazi wawili waliokuja kusema watoto wao wanacheleweshwa kwa ajili ya mmoja, na niliwajibu vibaya, nikalazimika kurudi kuwaomba radhi. Vyoo vyetu vina mwangwi hata hawezi kuingia, na hilo hatujalipatia dawa. Anakwenda kwao, nyumba ya tano, na anarudi mwenyewe.

Na kuna shule moja iliyomkataa kabla hajaja kwetu. Walimwambia mama kwamba watoto kama hawa wana pahali pao. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mwenye ulemavu ana haki ya kufika katika shule zilizochangamana na jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye mwenyewe. Nayashika sana maneno hayo ya mwisho. Wapo watoto wanaofaa kitengo maalumu chenye watoto wachache na mwalimu aliyesomea, wala si dhambi. Lakini kipimo kiwe manufaa ya mtoto. Uchovu wa mwalimu na haya ya shule mbele ya wageni si kipimo. Nasema hivyo nikijua darasa la watoto 58 bila mwalimu msaidizi ni mzigo. Sera nzuri ikishushwa juu ya mwalimu mmoja bila mikono ya kumsaidia, atakayeachwa nyuma ni mtoto asiyepiga kelele. Nina wawili wa namna hiyo sasa, wasichana, kimya kabisa, hawajapimwa, na usiku huwafikiria wao kuliko Shee. Nimeomba fomu za KISE, chuo cha serikali kule Nairobi, nisome elimu maalumu wakati wa likizo. Nauli bado natafuta.

Leo ndipo lilipotokea lililonifanya nifungue shajara hii. Mwalimu wa pili alikuwa mgonjwa, tukaunganishwa madarasa mawili katika chumba kimoja kufanya mazoezi ya nyimbo za wageni wa kesho. Watoto zaidi ya 100, makofi, ngoma ya debe. Nami nilisahau kubandika picha. Nilikuwa mbele nikipanga mistari wakati msichana mmoja, yule msemaji ninayemnyamazisha kutwa, alipopenya hadi kwangu akanivuta buibui.

"Mwalimu, chombo chajaa."

Sikumwelewa. Nikamwambia arudi kwenye mstari.

"Chombo cha Shee, mwalimu. Chajaa."

Nikageuka. Shee alikuwa kwenye pembe yake, anajitikisa, midomo inacheza, lakini katika kelele zile hata mtu wa karibu asingesikia anachosema. Yule msichana alikuwa amesikia. Wenzake wawili walikwisha kumfungulia njia katikati ya watoto, bila kumgusa, mikono yao imetandazwa kama watu wanaozuia mbuzi asirudi nyuma. Wana lugha yao na Shee kumbe, na mimi sikuwa nimefundishwa. "Chombo chajaa" ni pale anapoanza. "Chombo chaondoka" ni pale asipoweza kungoja tena. Yule msichana alinieleza haya nje barazani, kwa haraka, akishangaa kidogo kwamba sijui.

Nilikaa na Shee kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya jirani, mbali na ngoma. Hatukusema kitu. Alifuata nakshi za mlango kwa kidole, ua moja baada ya jingine, hadi pumzi yake ikarudi chini. Kisha akasema, akiuelekea mlango, "Kesho saa kumi na dakika hamsini na tano."

Wageni wanakuja kesho saa nne asubuhi. Nina kipande cha katoni mbele yangu na kalamu ya wino mweusi. Nimechora watu watatu wenye mikoba, nyuma yake nimeandika saa watakayoingia na saa watakayotoka. Nimechora na ngoma pia. Nitampa kabla kengele ya kwanza haijapigwa.