Nilivyoipeleka elimu ya sumukuvu Kongwa kwa chupa na chumvi

Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi wanaoota kwenye nafaka na karanga. Ndiyo sababu nilipopata ufadhili wa kwenda Ghent, Ubelgiji, nilichagua usalama wa chakula. Nilijua mashine za maabara za kule sitazikuta kijijini. Nilichokazania ni kumwelewa fangasi mwenyewe, Aspergillus: anastawi wapi, anakwama wapi. Kumzuia hakuhitaji umeme.

Nilipoanza kazi Kongwa, mkoani Dodoma, sikuitisha semina. Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji nikae na kina mama wakati wa kubangua karanga, nikabangua nao. Huko niliona karanga zikirowekwa kwenye beseni ili maganda yalainike na vidole visiumie. Unyevu huo ndio anaoungoja fangasi. Karanga za kuhifadhi zinatakiwa ziwe na unyevu wa asilimia 8 hivi au pungufu. Lakini kumwambia mtu aache kuroweka bila kumpa njia nyingine ni kumwachia vidonda. Kwa hiyo kikundi kilichangishana kikanunua mashine ya kubangulia ya kuzungusha kwa mkono, na sasa wanaikodisha hata kwa majirani.

Kwa mahindi nilikuja na chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia chumvi kidogo iliyoanikwa juani hadi ikakauka kabisa, ongeza mahindi yafike theluthi moja ya chupa, ziba, tikisa, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudi kwenye turubai. Isiponata, bado naongeza siku ya jua, maana tunataka yashuke hadi 13.5 ndipo yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Bibi mmoja aliyezoea kupima kwa kung'ata punje alinishika mkono: "Mjukuu wangu, meno ya kung'atia sina tena. Hiyo chupa niachie." Nilimwachia, na akawa yeye ndiye anayewapimia wenzake. Wanamsikiliza kuliko mimi, na ndivyo nilivyotaka.

Kazi ngumu ni kuchambua. Karanga zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, na kukaanga au kupika hakuiondoi. Sasa ukishazitenga, uzipeleke wapi? Wengine huzisaga wakachanganya kwenye unga, wengine huwapa kuku. Tulijadiliana sana, maana ni jasho la mtu, tukakubaliana zifukiwe. Mama anayefukia karanga zake ili mwanawe asinywe uji wenye sumu anastahili heshima kubwa.

Anastahili na bei pia, ila wanunuzi wengi hawatofautishi karanga zilizochambuliwa na zile za kuzoa tu. Kwa hiyo nimewafuata wasagaji wa unga wa lishe, kwa kuwa kiwango cha Afrika Mashariki ni sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, na wao wanabanwa nacho. Mmoja amekubali kuongea na kikundi akiona majibu ya maabara. Sampuli tumeshapeleka.