Corona, kipindupindu na sala ya watu kumi

Jamani hili la Wayahudi na magonjwa ya mlipuko limenikaa kichwani. Kwao kuokoa uhai kunapita karibu amri zote, hata Sabato unaivunja mtu akiwa hatarini, na si kwamba unaruhusiwa tu, unatakiwa. Basi corona ilipoingia 2020 masinagogi mengi yakafungwa na hapo ndo ugumu ulipoanza, maana sala ya pamoja inataka watu wazima kumi (kwa Wayahudi Waorthodoksi, wale wanaoshika sheria kwa ukali, wanaume) na bila hao kumi aliyefiwa hasemi Kaddish, ile sala ya wafiwa, hebu fikiria umezika mzazi halafu hata hiyo huna. Wengine wakahamia Zoom, ila Waorthodoksi siku ya Sabato hawagusi simu wala kompyuta, kwa hiyo kila mtu akasali kwake. Pasaka yao ikaanza jioni ya 8 Aprili, ile meza ya seder, chakula cha ibada cha usiku wa Pasaka, inayojazaga ukoo mzima safari hii wengine walikaa peke yao, na sheria inasema ukiwa peke yako yale maswali ya kwa nini usiku huu ni tofauti, ambayo kwa kawaida mtoto ndo huuliza mezani, unajiuliza mwenyewe. Hapo mi niliishiwa maneno.

Na wala si jambo jipya. Mwaka 1831 kipindupindu kilipofika Poznań, mji ulioko Poland ya leo, rabi Akiva Eger alielekeza watu wasali kwa makundi madogo, kama watu 15 hivi, waanze alfajiri, kundi likitoka lingine liingie, na Zaburi zisomwe. Tena akataka polisi wasimamie idadi isizidi. Polisi mlangoni mwa sinagogi, kwa ombi la rabi mwenyewe!