Nyumba ya malezi kwa mabinti wajawazito: kagua usiku

Ukitaka kujua kama nyumba inayolea mabinti wajawazito na wenye watoto inafaa, uliza usiku wanafanyaje. Mchana kila nyumba inapendeza. Saa nane usiku binti akiumwa kichwa kikali, macho yakaona ukungu na uso umevimba, mhudumu wa zamu anatakiwa awe macho, ajue hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, na awe na usafiri tayari. Nyumba nyingi hukwama hapo: namba ya dereva ipo ukutani, lakini lazima kwanza meneja aamshwe atoe ruhusa. Ruhusa hiyo iandikwe siku binti anapopokelewa.

Kliniki ni mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12 kuisha, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2016.

Mtoto alale chumba cha mama yake, kwenye kitanda chake, chali, godoro lisilobonyea, bila mto wala midoli. Mama akisinzia naye kwenye kochi, aamshwe kwa upole. Kochi ni hatari sana kwa kichanga.

Linaloniuma zaidi ni wahudumu kumpokonya binti kazi ya umama kwa nia njema. Mtoto akilia wanambeba wao, kuoga wanamwogesha wao, na binti anabaki mtazamaji. Mhudumu ashike taulo tu. Mama apime maji kwa kiwiko, aoshe mwenyewe, hata akichelewa. Na saa za shule awepo mlezi wa kubaki na mtoto, la sivyo binti ataacha masomo.