Los Angeles bila gari: kutoka herufi za Hollywood mpaka minara ya Watts

Kila niliyemwambia naenda Los Angeles alikuwa na swali moja tu, utakodi gari? Dada yangu anayeishi kule ndo alikuwa mkali zaidi. "Mdogo wangu, huku bila gari hutoboi, mji umetawanyika huu." Na kweli umetawanyika, ndege ikikaribia kutua unaona nyumba, nyumba, nyumba, barabara zimenyooka mpaka macho yanachoka. Ila mi nilishaona kwenye ramani kwamba treni za Metro zinafika karibu kote nilikotaka, nauli dola 1.75, ukigusa kadi ya TAP unabadilisha treni au basi ndani ya saa mbili bila kulipa tena, na ukishakatwa dola 5 kwa siku basi, zunguka mpaka usiku hukatwi kitu. Nikamwambia dada niache nijaribu, nikikwama nitakupigia.

Halafu hilo jua lenyewe. Wanasema mji wa jua na sibishi, ila ukienda mwezi wa sita kama mimi jiandae, asubuhi unaamka kumefunga mawingu ya kijivu na kiubaridi juu yake, unajiuliza kama umeshuka mji wenyewe kweli. Ni mambo ya Pasifiki, maji ya upande ule ni ya baridi, hewa iliyo juu yake inapoa inakuwa wingu la chini na usiku linasogea nchi kavu, mpaka mchana jua lilichome liishe ndo na wewe uanze kutafuta kivuli. Kwa hiyo nikawa napanga siku kufuata hilo wingu: asubuhi katikati ya mji na vitu vya ndani, mchana pwani, jioni mlimani.

Nilianzia Union Station, kituo cha treni kilichofunguliwa 1939, hata kama huna safari ingia tu uone jengo, dari iko juu huko na sakafu inang'aa. Lakini cha maana zaidi kiko ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa zamani ambapo mji ulianzia. Pale kuna bamba la kumbukumbu ya watu walioanzisha Los Angeles, tarehe 4 Septemba 1781, watu 44 kutoka familia 11, waliletwa na Wahispania kutoka sehemu ambazo leo ni Meksiko. Sasa soma asili zao. Zaidi ya nusu walikuwa na damu ya Kiafrika! Yaani mji ambao kwenye sinema tunauona wa watu weupe wenye miwani ya jua, waliofyeka vichaka vya kwanza na kuchimba mfereji wa kwanza wa maji wengi walikuwa machotara wa Waafrika, wenyeji wa asili wa Amerika na Wahispania. Watalii wengi wanapita hapo mbio kuwahi vibanda vya Olvera Street, kununua pochi na kofia, hata hawageuki. Mi nilikaa hapo kuliko nilivyokaa Hollywood.

Ukipanda mlima kidogo kutoka hapo unakuta Walt Disney Concert Hall, jumba la muziki alilolichora Frank Gehry, lilifunguliwa 2003, nje lote ni mabati ya chuma cha pua yaliyopindwapindwa hivi. Jua lilivyokuwa linapiga sehemu zilizong'arishwa sana, mwanga ukawa unarudi kwenye maghorofa ya jirani na kuwachoma watu ndani kwao, ikabidi waje kuzisugua zifubae. Haya ndo mambo ya kuishi na jua bwana, hata chuma inabidi kiombwe kipunguze.

Hollywood sasa. Treni ya B inakushusha Hollywood/Highland, ukipanda ngazi tu kutoka chini unakanyaga nyota, zile zenye majina ya mastaa zilizowekwa kwenye njia ya miguu. Ziko zaidi ya 2,700, za rangi ya waridi zenye kingo za shaba, na kila mtu ameinamisha kichwa anatafuta jina analolijua huku anagongana na mwenzake. Nisiwadanganye, ni vurugu. Kelele, wauza tiketi za mabasi ya watalii, na jamaa waliovaa kama mashujaa wa sinema wanakukumbatia wenyewe upige picha halafu baada ya picha tabasamu linaisha wanataka hela. Nilipenda mbele ya Chinese Theatre, ukumbi wa sinema wa 1927, kuna alama za mikono na miguu ya mastaa kwenye saruji, unaweka kiganja chako kwenye cha Marilyn Monroe unashangaa alivyokuwa na mkono mdogo. Na kingine ni nyota ya Muhammad Ali. Usiitafute chini, hutaiona. Alikataa jina analochangia na Mtume likanyagwe na watu, kwa hiyo yake iko ukutani, kwenye mlango wa kuingilia ukumbi wa Dolby Theatre, peke yake kwa mtindo huo kati ya nyota zote hizo. Mama mmoja wa makamo aliyejifunga kilemba alikuwa anaipapasa kwa vidole taratibu wala hapigi picha, nikampisha amalize.

Na yale maandishi makubwa mlimani? Bwana, yalikuwa tangazo la viwanja. 1923 kampuni ya kuuza viwanja iliweka HOLLYWOODLAND kule juu ikiwa na taa, yakae kwa muda tu, watu wakayazoea, 1949 wakaondoa LAND wakabakiza hayo tunayoyajua. Yakaja kuoza kabisa mpaka 1978 yakajengwa upya kwa michango, herufi moja dola 27,700 na kitu, mwanamuziki Alice Cooper akalipia O moja. Kila herufi ina urefu wa kama mita 13 na nusu. Huruhusiwi kuyagusa, yana uzio na kamera, na wanaopanda kule kwa miguu wengi wanaishia kuona mgongo wa herufi, kwa hiyo mi nasema usijisumbue, yaangalie ukiwa Griffith, kwenye jengo la kuangalia nyota.

Griffith Observatory ndo mahali ambapo ningekaa hata wiki. Unashuka kituo cha Vermont/Sunset unachukua kibasi cha DASH kinapanda mpaka juu, wakati wenye magari wanazunguka kutafuta paking na kuzomeana, na dada yangu alikuwa mmoja wao, alinikuta nimeshafika nimekaa zangu ukutani. Hakusema kitu! Kuingia ni bure tangu 1935 lilipofunguliwa. Ndani kuna tufe la shaba la kilo kama 109 linaning'inia kwenye waya mrefu linayumba huku na huku, limezungukwa na vijiti vidogo vilivyosimamishwa, na kila baada ya dakika kadhaa linaangusha kimoja kwa sababu dunia inazunguka chini yake. Watoto wamejipanga wanasubiri kijiti kianguke, tufe linakikosa kidogo tu, wote wanaguna, zamu inayofuata kinalala kifudifudi wanashangilia kama goli. Watu wazima tulikuwa tunajifanya hatusubiri.

Aliyetoa eneo lile, Griffith J. Griffith, hakuwa malaika. Aliwapa watu wa mji ardhi yake 1896, halafu 1903 akampiga mkewe risasi, mke akapona ila akapoteza jicho, yeye akaenda jela. Alipotoka akataka kutoa hela za kujenga hilo jengo la kuangalia nyota, mji haukuzigusa hela zake akiwa hai, likajengwa baada ya kufa kwake. Jamaa aliamini mtu akiangalia mbingu kwa darubini kubwa anabadilika. Sijui ya kwake ilichelewa au vipi. Darubini yenyewe bado inatumika, usiku kukiwa na anga safi unapanga foleni unaangalia bure. Jua likizama taa za mji zinawaka barabara kwa barabara mpaka baharini na ndo unaelewa dada alikuwa anasema nini kuhusu ukubwa.

La Brea Tar Pits nilienda kwa basi la Wilshire, na kama una watoto anza na hapa kabla ya kitu kingine chochote. Katikati ya mji, maghorofa pande zote, kuna bwawa jeusi linatoa mapovu. Ni lami ya asili, inapanda yenyewe kutoka kwenye mafuta chini ya ardhi, na mapovu ni gesi ya methani. Harufu unaijua, ya barabara inayowekwa lami siku ya joto. Zamani wanyama walikuwa wananasa humo, na aliyenasa akipiga kelele wanakuja wala nyama kumla, nao wananasa, wanakuja wengine, hivo hivo kwa miaka kama 50,000. Ndo maana mifupa ya wala nyama ni mingi kuliko ya walioliwa. Ndani ya makumbusho kuna ukuta mzima una taa ya rangi ya chungwa nyuma yake, umepangwa mafuvu 404 ya mbwamwitu wa kale, la kwanza mpaka la mwisho yanafanana ila ukisogea unaona hili jino limevunjika, hili fupi. Kuna mamothi, kuna paka wakubwa wa meno marefu yaliyotokeza nje. Ila msimwulize mhudumu dinosaria wako wapi, niliona anavyochoka kujibu, dinosaria waliisha miaka milioni 66 iliyopita, hawa ni wa juzi.

Kilichonibamba zaidi kiko nje kwenye majani. Lami inachomoza popote inapotaka, hata njiani, wanaweka koni za barabarani kuzunguka tone lililotoka asubuhi hiyo. Nilichuchumaa kuangalia moja, ukubwa wa sahani, laini juu inang'aa, na inzi ameshika miguu yote anajivuta. Mtego haujafungwa mpaka leo.

Pwani ni treni ya E mpaka mwisho, Santa Monica, unashuka unatembea kidogo tu umefika kwenye gati la 1909 lenye gurudumu la kupanda linaloendeshwa kwa umeme wa jua, na kibao cha mwisho wa barabara ya 66 inayoanzia Chicago. Maji ni ya baridi, baridi kweli, nilitia miguu nikatoka. Ukitembea kusini kwa miguu unafika Venice, huko mtu anaitwa Abbot Kinney alichimba mifereji 1905 aiige Venice ya Italia, mingi ikaja kufukiwa, iliyobaki ina vidaraja na nyumba za bei za kutisha. Mbele kidogo wanaume wanabeba vyuma ufukweni na watu wamewazunguka. Inatosha.

Getty Center, jumba la sanaa, peke yake ndo nilikubali lifti ya shemeji, tukakaa kwenye foleni ya barabara ya 405 mpaka tukamaliza stori zote za ukoo. Kuingia bure, paking unalipa, kitreni kinakupandisha mlimani, na juu kuna picha ya maua ya Van Gogh ya 1889. Shemeji alipenda bustani kuliko picha.

Watts nilienda peke yangu, dada hakutaka, mtaa una sifa mbaya tangu ghasia za Agosti 1965 zilizoua watu 34. Treni ya A, unashuka 103rd Street, unatembea dakika chache katikati ya nyumba za chini za kawaida na unaiona inachomoza juu ya mapaa. Minara na viunzi vingine, jumla 17, vyote vimesimamishwa na mtu mmoja. Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia, fundi wa vigae, alikuwa akitoka kazini anajenga, kuanzia 1921 mpaka 1954. Hakuwa na jukwaa la ujenzi wala mashine, alipanda na mkanda kama wa wasafisha madirisha, nondo alikuwa anazipinda kwa kuzibana kwenye reli ya treni iliyopita karibu. Mrefu kuliko yote unafika kama mita 30. Ukisogea kwenye uzio unaona saruji imebandikwa vipande vya sahani, makome, vigae, vitako vya chupa za kijani za soda, sehemu moja amegandamiza nyundo zake mwenyewe ikabaki alama. 1955 akampa jirani kiwanja akaondoka, hakurudi tena.

Mji ukasema ni hatari, ibomolewe. Watetezi wakaomba ipimwe kwanza, 1959 wakafunga kamba wakaivuta kwa nguvu ya pauni 10,000, kama tani 4 na nusu, na kilichoshindwa ni mtambo wa kuvutia. Minara ikabaki. Hata zile ghasia za 1965 hazikuigusa. Mzee mmoja aliyekaa kibarazani ng'ambo aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Afrika Mashariki, akasema umekuja mbali kuangalia chupa, tukacheka, akanionyesha upande ambao jua la jioni linapiga vioo vizuri.

Kwa anayepanga kwenda: Griffith na Getty zote zinafungwa Jumatatu, hiyo siku ifanye ya pwani. Watts nenda mchana, ukifika usisimame getini tu, zunguka uzio wote maana upande wa nyuma ndo wenye makome mengi. Na kadi ya TAP nunua palepale kwenye mashine ya kituo, dada yangu sasa hivi anayo moja.