Taarabu, Simu na Subira ya Msikilizaji

Tangu Spotify, programu ya kusikiliza muziki kwa simu, ilipofunguliwa nchini Kenya mwaka 2021, nyimbo ambazo hapa Lamu tulizipata kwa kunakiliana kanda zimesogea karibu na kidole, nami siikatai neema hiyo. Ninachokilalamikia ni namna ya kusikiliza. Programu hiyo huuhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30 tu, ilhali katika taarabu ya kale muda huo waweza kuishia kwenye mlio wa udi, ala ya nyuzi, peke yake, kabla mwimbaji hajafungua kinywa na fumbo la shairi halijaanza kufumbuka. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, hakupiga udi ili msikilizaji aruke mbele. Kwa hiyo nimezima uchezaji wa nyimbo bila mpangilio. Hupakua nyimbo chache, kisha jioni barazani nikazisikiliza ubeti kwa ubeti, nikirudia pale penye neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, lililonipita. Orodha ninazopendekezewa sizifuati, kwa kuwa huchanganya taarabu ya Mombasa na ile ya kisasa ya Dar es Salaam kana kwamba ni kitu kimoja. Nazo kanda za harusi, zilizorekodiwa pamoja na vigelegele vyake, nyingi sijazikuta humo, ndiyo maana redio yangu ya kaseti bado ina kazi.